Muhtasari wa Kundi la Nne

Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Asiyefika: mjumbe wa Kigoma, basi lilikufa Korogwe.
Hadubini: moja.
Kalamu nene nikapewa mimi,
maana mwandiko wangu, walisema, unasomeka tangu mlangoni.

Ukutani walibandika mada:
MIKOKO: HALI, CHANGAMOTO, MAPENDEKEZO.
Dakika arobaini. Pointi tatu, si nne,
alisema mwezeshaji, Bwana Shemhilu,
akiitazama saa yake kama apimaye mapigo ya mgonjwa.

Kila aliyenyanyuka alianza, "Kama alivyosema mwenzangu,"
na mwenzake hakuwa amesema kitu.
Nkwabi alitaka kwanza tufafanue neno "hali".
Atupele alitaka tupige kura kama lifafanuliwe.
Dakika kumi na saba zikaenda zao.
Nilikuwa nimeandika "Hali"
na kuipigia mstari, mara mbili.

Mimi kwetu Bahi.
Bahari niliiona juzi, nyuma ya ghala, nikinunua vocha,
na sikumwambia mtu kwamba ni mara ya kwanza.
Mkoko niliujua kwa mchoro mmoja wenye mishale saba.
Kwenye mtihani niliipata yote saba.

Ndipo Mwanahija wa Pangani,
siku mbili tukimjua kwa mtandio wake wa njano tu,
akavuta mfuko wa nailoni chini ya kiti
akamwaga majani juu ya karatasi zetu.
"Mkoko upi hapa?"
Tukanyoosha vidole,
kila kidole na jani lake.

"Huo mchu.
Huo mkandaa, magome yake bibi alitilia rangi.
Huo muia. Huo mlilana, hukaa mbele kabisa,
maji humpiga yeye kwanza.
Na hili tunda la mkomafi: likishapasuka
hata ukae nalo mchana kutwa hulipangi likarudi tunda.
Nyie mwaita yote mikoko,
kama mgeni aitaye kila mwanamke shangazi."

Kisha akasema, "Lambeni."
Tukatazamana.
Nkwabi, mtu wa fafanuzi, akaanza yeye:
jani la mchu, upande wa chini, ncha ya ulimi.
"Chumvi!" alipiga kelele, Kundi la Tatu wakageuka.
Tukapanga foleni kwenye hadubini,
na zamu yangu ilipofika
nikaona punje moja imekaa pembeni ya kitundu,
inang'aa kama kioo cha gari kilichovunjikia lami.
Mti ulikuwa umeitema. Usiku ule ule, pengine,
sisi tukigombania neti bwenini.

"Dakika tano," alisema Bwana Shemhilu. "Pointi zenu?"

Karatasi ilikuwa na "Hali" na doa la unyevu.
Nikaandika haraka: Elimu itolewe kwa jamii.
Mwanahija akasoma begani kwangu.
"Jamii ipi?" aliuliza, taratibu. "Ile iliyonipa majina?"
Kalamu nene haifutiki.
Nikakata. Mstari ule nao ukasomeka tangu mlangoni.

Mbele ya ukumbi, Kundi la Tatu walikuwa na grafu ya rangi nne.
Mimi nilisoma majina:
mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi.
"Na mapendekezo?"
Nikasema fomu ya utafiti ina mstari mmoja tu
palipoandikwa jina la kienyeji.
Tunapendekeza iongezwe mistari.
Watu walicheka, si kwa ubaya.
Katibu mkuu akaandika kwenye daftari lake:
Kundi la Nne, bado.

Tanga ni waja leo waondoka leo,
na alfajiri tulikuwa Kange, mizigo juu ya buti.
Ndani ya daftari langu jani limeanza kukunjamana.

Huko kwetu, penye udongo mweupe
kuna kichaka kifupi, ng'ombe hukilamba kila jioni.
Nimekipita miaka ishirini na moja.
Sijawahi kumwuliza mama
kinaitwaje.