Kabla Hujajaza Fomu

Eveda, fomu iache kwanza pale juu ya kabati,
iwekee kikombe isipeperuke.
Kalamu haiozi.
Njoo tuchambue dagaa hawa huku tunaongea.

Unasema unataka kazi ya kupiga picha za mifupa
kwa kuwa ni safi, haina damu,
na koti jeupe linakupendeza.
Linakupendeza, sikatai.
Ila niulize mimi niliyelivaa miaka kumi na tisa
hapahapa Kigoma, katika chumba kisicho na dirisha,
wenzangu wa wodini wakiliona ziwa.

Mgongo wako ukoje?
Mzee Gwasa aliporomoka kutoka kwenye mchikichi kule Mwandiga,
wakamleta juu ya mlango waliong'oa kwenye banda la kuku,
kamba ya kukwelea bado i kiunoni.
Mashine haimfuati mtu, mwanangu.
Mtu ndiye hubebwa, hugeuzwa, hunyooshwa,
naye anakutukana wewe na ukoo wako
kwa Kiha, akichoka, kwa Kiswahili.
Hujibu. Unasema, "Tulia hivyohivyo, baba,"
na umeme unakatika.

Ile fizikia uliyoikimbia kidato cha pili
inakusubiri chuoni, imeota ndevu.
Na chuo chenyewe, kimesajiliwa?
Mashine wanayo, au wana picha ya mashine ukutani?
Ruhomvya alilipa ada miaka miwili, ng'ombe wa babake wakaisha,
akarudi na cheti ambacho hakuna hospitali inayokijua.
Sasa anauza vocha Gungu.
Cheti kiko kwenye fremu, kizuri kweli.

Mionzi haina harufu. Haina sauti, haichomi.
Ndiyo maana watu huizoea, na kuzoea ndiko kubaya.
Aproni ya risasi utaibeba kama mtoto asiyekua,
na kibeji kifuani kitahesabu usichokiona.
Nilipopata mimba ya Tito
nilimwambia msimamizi wangu kabla ya kumwambia mume wangu.
Alinuna wiki nzima.
Nilimwacha anune.

Zipo siku za kucheka pia.
Mtoto wa Kibirizi alimeza sarafu ya shilingi mia,
ikawaka kooni mwake kama mwezi mpevu,
babake akauliza kama ataipata.

Lakini hili lisikie vizuri, weka ungo chini.
Utaona kabla ya wote, na hutasema.
Kusoma picha ni kazi ya daktari.
Yako ni kuipiga, na kuutunza uso wako,
maana ndugu wa mgonjwa huusoma uso huo
kama watu wanaosoma matokeo yaliyobandikwa ukutani.

Bibi yako alikuja na kile kikohozi chake.
Nilimsimamisha, kifua kwenye bamba, mabega mbele,
nikaingia nyuma ya ukuta
nikasema ninayomwambia kila mtu:
Vuta pumzi. Bana.
Akabana.
Picha ikaja. Nikaitazama.
Nikaitazama
nikasahau kumwambia aachie.
Nilipoinua macho, mama alikuwa bado amebana,
mabega yakitetemeka, mtiifu,
akimsubiri binti yake ampe ruhusa ya kupumua.

"Achia, mama."

Akauliza, "Imetoka vizuri?"
Nikasema imetoka vizuri.
Wala sikudanganya; picha ilikuwa safi,
kila ubavu mahali pake,
na lile doa nalo safi, kingo zake zote zikionekana.
Nikaita mgonjwa anayefuata.

Sikukatazi.
Mimi ningejaza fomu ileile tena,
sijui kwa nini, usiniulize leo.
Jumamosi nina zamu ya asubuhi.
Njoo ukae kwenye benchi la nje, kati ya wagonjwa,
vaa viatu bapa, usishike simu,
sikiliza jina likiitwa na mtu anavyoinuka.
Ukirudi jioni bado unaitaka,
nitakuazima kalamu yangu.

Sasa lete ungo. Paka amekwishakula watatu
na wewe unaniangalia mimi.