Karani wa Mizani

Msimu mzima mimi ndiye msoma mizani
pale ghala la chama, Tandahimba.
Gunia hili themanini na mbili, toa kilo moja ya gunia lenyewe,
daraja la kwanza huku, la pili kule,
na mkulima ananitazama mdomo
kana kwamba korosho zake zinatoka humo.

Leo niko kliniki,
mwanamume peke yangu kwenye benchi la kanga.
Asumini ana homa. Alinikabidhi mtoto, kadi,
na neno moja: "Usibishane na nesi."

Mizani yao ni saa yenye ndoano.
Mtoto huvalishwa kaptura ya turubai, akatundikwa.
Somoe alining'inia, akazunguka taratibu, akanipa mgongo.
Mshale ukatikisika, mtikisiko ninaoujua,
nikatangaza kwa sauti ya ghalani:
"Tano na gramu mia!"
Akina mama wakacheka mpaka wa mlangoni.
Nesi Edita hakucheka. Alingoja mtoto atulie,
akainama, akasoma,
akaandika tano na gramu mia.

Kisha kadi.
Mistari imepinda ikipanda pamoja
kama zile njia za maji za Newala
walizokwea bibi zetu na mitungi kichwani,
kila mmoja na njia yake, wote mlimani.
Akatia nukta. "Huyu ni wa tatu katika mia."

Wa tatu!
Shuleni kwetu wa tatu alipewa daftari na kalamu,
akapigiwa makofi mstarini.
Nikamtazama mama wa kulia, nikamtazama wa kushoto.

"Baba Somoe," nesi akasema, "tunahesabu kuanzia mwepesi.
Panga wasichana mia, wote wa miezi minne, wote wazima.
Wawili ni wepesi kuliko wako. Waliobaki wamemzidi."

Furaha ikanishuka kama gunia lililotoboka.
"Kwa hiyo ni daraja la pili?"

"Korosho huyu?"

Nikanyamaza. Niliahidi kutobishana.

"Nimesema wote wazima. Ukipanga mia,
lazima mmoja asimame wa tatu.
Mbona husikitiki kwamba kuna wa hamsini?"
Akarudisha kidole nyuma, kwenye wino wa Ligula,
siku aliyozaliwa na kilo mbili na gramu mia nne.
Nukta, nukta, nukta, na ya leo:
zote zimeukumbatia mstari uleule wa chini,
na mstari wenyewe unapanda.
"Nukta moja ni umbea," akasema. "Nne ni habari."

Aliyefuata ni Shaweji, miezi tisa,
mapaja ya pete pete, shingo haionekani.
Tangu asubuhi nilikuwa namhusudu mama yake, nakiri.
Mizani ikalia chuma.
Nikajua huyu ndiye wa makofi.
Nesi akaitazama kadi yake kwa muda mrefu.
Nami nikachungulia, kazi ni mazoea:
nukta zilianza juu kabisa,
zikakata mstari mmoja, zikakata wa pili.
"Wewe usiondoke," akamwambia mama, sauti chini.
"Ameanza kuharisha lini?"
Yule mama akafungua kanga, akaifunga tena.
Nikaona haya, ile haya ya mtu
aliyesifu gunia kwa kulitazama tu.

Nyumbani Asumini akauliza toka kitandani:
"Kapata ngapi?"
Namba ilikuwa tayari mdomoni, nimeizoea.
Nikaimeza.
"Anapanda," nikasema.
Akageukia ukutani, akalala.

Nikabaki na kadi mlangoni, Somoe begani akininyonya kola,
nikipitisha ukucha juu ya mstari,
na kila nilipofika wino unapokomea
nikarudi Ligula, nikaanza upya.