Tuliajiriwa kwa Sura

Bosi alimnunua kwa kupima kichwa.
Kipana, alisema, kama sufuria ya bugali ya matanga.
Taya la kusaga mifupa, shingo isiyogeuka,
jicho la njano.
Akamwita Kombora,
akaandika langoni kwa rangi nyekundu MBWA MKALI,
na chini ya maandishi akachora meno.

Himbi nzima ikavuka barabara.
Mama Katungu akahamisha makaa yake.
Mtu wa umeme husoma bili kwa kupiga kelele, tokea kwenye kona.

Sasa niulizeni mimi ninayelala naye.
Mlima ukiguna usiku, wingu likawa jekundu juu yake,
Kombora huingia kibandani kinyumenyume,
hulaza hicho kichwa cha bei juu ya buti langu,
hutetemeka hadi kikombe cha chai kinalia kwenye jiwe.
Anaogopa kuku. Anaogopa mwavuli.
Paka wa jirani hula katika sahani yake
naye hungoja zamu, kama mgeni.

Kuna na Pamba, wa madamu,
mweupe, wa kubebwa, utepe shingoni.
Huyo ameshang'ata watano.
Kidole cha shangazi kilishonwa nyuzi tatu
na bado walisema, anacheza,
Pamba hang'ati, anacheza tu.

Sicheki.
Siku ya kutafuta mlinzi tulisimama wanaume kumi na mmoja,
wengine na vyeti, mmoja anajua karate.
Bosi aliliangalia kovu hili, toka nyusi hadi mdomoni,
akasema: huyu.
Hakuuliza. Ningemwambia:
chukudu, mteremko, magunia manne ya viazi,
kipande cha tairi cha breki kikakatika.
Watu wakinitazama huona vita.
Mimi niliona viazi vikibingirika
na watoto wakiviokota, wakikimbia navyo.

Juzi mtu aliruka ukuta.
Niliwasha tochi, mkono haukutulia,
mwanga ukampata Kombora, ukanipata mimi,
nyuso mbili juu ya mawe meusi, hazisemi kitu.
Hatukusema kwa sababu hatukuweza.
Aliacha kiatu kimoja na suruali nusu kwenye miba.

Asubuhi bosi alinipa koti.
Kombora alipewa nyama, kilo nzima, na mfupa.
Alitazama sahani. Alinitazama.
Paka akashuka ukutani bila haraka,
Kombora akasogea.