Futa Diski Yote?

Kutaisi. Theluji imeziba dirisha.
Nazibrola amevaa koti la marehemu;
flashi imechomekwa, feni inakohoa
kama mtu aliyeamshwa kabla ya zamu.

Kompyuta ya mwaka ule waliponunua friji.
Fundi alimwambia: hii tupa, mama.
Mjukuu akabisha: upo mfumo wa bure,
wameuandika watu wasiokujua,
wakauacha mlango wazi.

Sasa skrini inauliza: Futa diski yote?
Humo mna hesabu za mizinga ya Otari,
ndoo za asali, nyuki waliokufa Machi.

Anatafuta kalamu.
Ananakili majina ya wadaiwa, basi.
Anabonyeza Ndiyo.

Asilimia tatu.
Chai imeshapoa, bado tatu.
Anaigonga ubavuni:
Otari, usinicheleweshe.