Sijambo

Kituo cha karafuu, Wete, saa tatu asubuhi.
Mizani ya zamani imefunikwa gunia,
mpya ina kioo na tarakimu nyekundu,
na nyuma ya kioo mimi,
na programu niliyoiandika usiku kwa usiku,
umeme ukikubali.

Ndani yake kila mkulima ni kitu kimoja:
jina, shehia, kilo.
Kilo nimezifungia.
Hakuna mkono unaozifikia moja kwa moja,
wa meneja wala wangu.
Anayetaka kujua abishe: somaKilo.
Anayetaka kubadili azunguke mlango wa pili,
wekaKilo, na huko ataulizwa:
Zimekauka? Zimezidi sifuri? Nani kakutuma?

Mwaka jana tulikuwa na daftari.
Daftari halina mlango.
Kalamu ya buluu ilipita usiku,
sabini na moja ya Bwana Shaame
ikaamkia kumi na saba,
naye, asiyejua kusoma ila kilo zake,
akasimama dirishani mpaka adhuhuri
akirudia: sabini na moja.
Sabini na moja.

Nilimweleza mama juzi tukichambua,
karafuu mkekani, makonyo kapuni.
Akacheka mpaka kanga ikamwanguka.
"Miaka yote hiyo ya skuli, Mize,
ulikwenda kufundishwa kubisha hodi?"

Kweli. Nyumba yetu ndivyo ilivyo:
mgeni huishia barazani,
chake huletewa kwa sinia,
na hajui sufuriani kumebaki nini.

Leo alfajiri, shikamoo kwanza, kisha:
Hujambo, mama?
Sijambo.

Tangu alipoteleza mkarafuuni msimu uliopita,
sijambo.
Goti likivimba kama fenesi changa,
sijambo.
Usiku namsikia akihesabu hatua kwenda uani,
kumi na moja, kumi na mbili, ya Rabbi,
na kukicha, sijambo.

Hiyo ndiyo mbinu ya kwanza niliyoijua duniani:
huitwa, haichungulii ndani,
hurudisha neno lile lile.
Kazini ningeliita kosa, ningelifuta
kabla chai haijapoa.

Sikuuliza tena.
Nilipiga magoti, nikamimina kiganjani
mafuta ya makonyo,
nikabisha pale penye uvimbe, polepole,
mara ya kwanza akauondoa mguu,
mara ya pili akauacha.
Baadaye akashusha pumzi
na kusema, kwa sauti ambayo sikuiandikia jina:
hapo.