Skimu

Neno hili nililijua kabla sijapanda ndege:
kwetu skimu ni mfereji, ni zamu ya kufungua lango,
ni mpunga umezama hadi magotini.
Kwa hiyo Bi Ishbel Gilfillan aliponiambia ndani ya lifti,
"Mimi ni mtoto wa skimu,"
nikamtazama viatu, nikitafuta tope.

Alicheka mpaka ghorofa ya tisa.
Glasgow, akasema, skimu ni hizi:
minara minne ya zege, ukungu wa kuta, lifti inayonuka mkojo Jumatatu.
Zamani mtu wa halmashauri alikaa na penseli
akapiga mistari juu ya shamba la tanipu,
na juu kabisa akaandika neno hilo, maana yake mpango.
Watu wakahamia ndani ya mpango.
Wakapandisha makochi, wakabandika birika, wakazaa humo.
Penseli ilisahau duka. Ilisahau pa kuanika nguo.
Upepo haukuwamo kwenye mchoro
lakini ulitangulia kufika, ukachagua chumba.

Mpwa wake, Wendell, akaja kutoka Ohio na sanduku jekundu.
Kusikia shangazi yake ameishi kwenye skimu miaka hamsini na minne
akaweka kikombe chini:
"Nani kakutapeli? Umeripoti polisi?"
Maana kwao neno hilohilo ni hila,
ni bwana mwenye meno meupe anayekuuzia daraja la serikali.
Bi Ishbel akakoroga chai yake, polepole.
"Hilo," akasema, "nimeliuliza halmashauri mara nyingi."

Na barua ya pensheni nayo ina skimu,
skimu iliyovaa tai, iliyonyoa ndevu.
Na kituo cha basi msichana alimrushia mwenzake,
"We mtu wa skimu!"
na mwenzake akainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Nisicheke. Lugha yangu nayo ina yake.
Anayepanga mji ni mpangaji,
anayepanga chumba ni mpangaji.
Mmoja akishapanga huzima taa ya ofisi, huenda zake.
Mwingine hupanga, na kila tarehe moja hulipa.

Bomoabomoa ilipangwa Jumapili, saa tatu asubuhi.
Tulisimama nyuma ya kamba, yeye kwenye kiti cha kukunja,
chupa ya chai mapajani.
Baragumu likalia. Sekunde sita, labda saba.
Mnara ulipiga magoti kama ngamia,
kisha vumbi, kisha makofi ya watu, sijui ya nini.

Vumbi lilipotua akanyoosha kidole hewani:
"Pale. Juu kidogo. Hapo ndipo jikoni kwangu."
Shakwe alikuwa akikatiza jikoni kwake
bila kugonga hodi.

Halafu, bila kunigeukia:
"Ile skimu yenu ya maji.
Zamu yako ikifika, maji huja?"
Nikamwambia mara huja. Mara walio juu huyafunga usiku.
"Ah," akasema, akinimiminia chai kwenye kifuniko.
"Mbona ni neno lilelile."