Nane Inastaafu

Wameniambia nizitoe nane zote kwenye boksi:
za jezi nyeupe za nyumbani, za kijivu za safari,
hata ile ya mazoezi niliyoishona kwa uzi wa bluu
siku uzi mweusi ulipokwisha,
na hakuna aliyegundua ila yeye.

Bwana Haldorsen wa ofisini anasema namba inastaafu.
Jumamosi, kabla ya mchezo.
Itakuja bendi ya shule. Italetwa keki.

Namba inastaafu!
Mimi nina miaka sitini na nane,
vidole vimeota mafundo kama kamba kuukuu,
miaka thelathini na mmoja nyuma ya cherehani hii
chini ya jukwaa, mashabiki wakinikanyaga utosini,
na sijasikia mtu akitaja keki.

Si kwamba namwonea Orrin wivu.
Orrin Tvedt alikuwa mdakaji, maana yake
alichuchumaa misimu kumi na minne
katika vumbi la mji huu wa Iowa,
akipokea kwa kiganja kimoja
vitu ambavyo mwenye akili huvikimbia.
Goti lake la kushoto lililia kama bawaba.
Goti ndilo lililostaafu.
Nane haikuumwa popote.

Alikufa Januari, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Sasa wanabishana, nami nawasikia,
maana dari yangu ni nyayo zao.
Mmoja: kumvisha mwingine jezi ya marehemu
matanga hayajaanuliwa, ni utovu wa adabu.
Dufek kinyozi: tukistaafisha hivi kila mwaka
wajukuu watacheza wamevaa desimali.
Kicheko. Karanga zinadondoka kwenye ufa,
zinatua juu ya mkasi wangu.

Mimi nilikuwa upande wa Dufek.
Ukutani, namba ni rangi tu.
Kule nyuma ya uwanja wa kati ipo nne,
imepigwa mvua hadi imekuwa rangi ya chai.
Nilimuuliza mtoto wa muuza soda, nne ni ya nani?
Akasema, si mlango wa kutokea?
Nne alikuwa Cletus Marchetti.
Nami, nikiri, nilisita kabla jina halijanijia.

Hata Machi, alipofika Eliécer,
miaka kumi na tisa, kutoka Baní, begi moja,
akaomba nane kwa vidole kwa kuwa maneno hayakutosha,
nilikuwa tayari kumpa.
Nguo huvaliwa. Isiyovaliwa huliwa na nondo.

Kisha jana Lorna Tvedt akashuka ngazi zangu.
Hakulia. Alishika kingo za meza,
akaitazama nane iliyokuwa chini ya sindano.
Akasema: nilikaa nyuma ya wavu misimu yote ile.
Mdakaji hakutazami, Bi Zelenka,
anamtazama mrushaji.
Wengine walikuwa na uso wake.
Mimi nilikuwa na hii.

Akaipitisha kidole, duara la juu, duara la chini,
kama mtu anayefuta ukungu kwenye dirisha.
Ukuta sikuuomba, akasema.
Ila sitaki kuiona ikisimama na kuondoka
halafu ageuke mtu mwingine.
Si mwaka huu.

Si mwaka huu. Sikulisahau hilo neno.
Bwana Haldorsen yeye anasema milele,
lakini Bwana Haldorsen hajawahi kufumua kitu.

Nimezifumua nane zote, uzi kwa uzi.
Nimezilaza kwenye kopo la biskuti
pamoja na vifungo visivyo na wenzao.
Jumamosi nitapanda juu, nitapiga makofi,
nitakula keki ya namba.

Na Eliécer nimempa kumi na nane.
Nane nimeishona kwa uzi maradufu, nikarudia.
Ile moja iliyo mbele yake
nimeipiga bandi tu.